Mama Sufuria Hajafa

Nilimuua Mama Sufuria mwaka jana, mwezi wa tisa, kwa maiki, mbele ya banda zima, na watu wakalia. Swaumu, anayepika chakula hapo nje kwenye kona, alilia mpaka akaunguza maharage. Kesho yake akapika pilau ya msiba, akatugawia sahani kwa sahani, tukala tunamsifu marehemu kwa ulimi wake mkali na roho yake nzuri.

Mama Sufuria ni mtu wa kwenye muvi. Naanza na hilo, usije ukapeleka habari polisi.

Banda ni la Shamsa, la kuonyeshea muvi. Liko uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, katikati ya duka la mabomba na stoo ya vitenge. Watu wanaliita kibanda umiza, na ukikaa kwenye yale mabenchi hutauliza kwa nini. Kazi yangu mimi ni kutafsiri. Muvi ikiongea Kiingereza, mimi naongea Kiswahili juu yake, na kila mtu aliyemo nampa jina la hapahapa, maana majina ya kwao hayakai kichwani. Kiingereza changu nimekiokota njiani, kidogo kambi za barabara, kidogo jikoni kwenye hoteli moja kule Ndola, Zambia. Darasa la kwanza nilisomea Lindi, la tatu Tanga, la pili sikuwahi kukutana nalo. Kwa hiyo maneno ya chakula nayajua, na maneno ya kumfukuza mtu kazi nayajua sana. Yaliyobaki naangalia nyuso.

Tamthilia iliyotujazia banda ilikuwa ile ya mpelelezi wa zamani, wa enzi za magari ya farasi na taa za mafuta, anayekamata wauaji kwa kuihoji mizimu ya waliouawa. Mpelelezi nilimwita Afande Makaburi. Mpishi wake, mwanamke mnene asiyeogopa mzimu wala bosi, nikamwita Mama Sufuria. Wachukuzi wa Kariakoo walimpenda huyu kuliko Afande mwenyewe. Sasa sizoni ya mwisho ikaja kwenye flashi ikiwa na episodi mbili hazifunguki. Ya tatu ikafunguka: Afande kavaa nyeusi, kasimama bustanini mbele ya kaburi, analia kama mtoto, na Mama Sufuria haonekani popote. Wewe ungesemaje? Nikasema amefariki. Nikamtilia na homa ya siku tatu, na wosia.

Jumamosi iliyopita, saa kumi alasiri, Shamsa akaleta tamthilia mpya iliyozaliwa na ile ya Afande. Wiki nzima alikuwa anaitangaza kwa spika. Kabla hatujaanza akaniita pembeni. Kuna kijana mmoja wa Mbagala, akasema, anatafsiri kwa mitambo, sauti yake ina mwangwi, na wateja wanamuulizia.

"Mjomba Zahoro, leo nimewaahidi watu kitu kizuri," akaniambia, ameshika flashi ya huyo kijana, yenye muvi hiyohiyo na sauti yake tayari ndani. "Wakianza kutoka, naweka hii. Wewe utapumzika nyumbani."

Mimi sijawahi kupumzika nyumba moja zaidi ya miezi minane. Lakini kwenye kiti kile, nyuma ya maiki ile, nimekaa miaka sita, na hakuna mahali pengine katika nchi hii ambapo mtu akiniona anasogea kunipisha. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia hakuna shida.

Muvi ikawaka. Ukungu, barabara ya mawe, farasi anatoa moshi puani. Mlango ukafunguka, na kikapu mkononi, mzima wa afya, akatoka Mama Sufuria.

Banda zima likageuka kunitazama. Hata feni nadhani ilipunguza mwendo. Kisha Ignasi, mchukuzi wa kutoka Songea mwenye mabega kama kabati, akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee, huyu si ndiye tuliyekula pilau yake?"

Nilikuwa na sekunde tatu. Nikasema huyu ni mzimu wake, amerudi kumaliza kazi aliyoiacha.

Loo, walifurahi. Twaha, fundi mapazia anayekaa benchi la mbele na kujua kila kitu, akasema yeye alishamtambua kwa macho yake, yale macho si ya mtu hai. Dakika kumi tulikwenda vizuri sana. Kuna mwoka mikate ameuawa, Mama Sufuria anamhoji marehemu kando ya tanuri, wanaongea mzimu kwa mzimu, natiririka tu. Halafu akaenda sokoni akanunua samaki.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Ignasi alitaka kujua mzimu anabishanaje bei na mtu anayemwona. Twaha akasema mizimu ya Ulaya ina mifuko, si kama ya kwetu. Mama mmoja nyuma akauliza hiyo mifuko ina pesa ya wapi. Nikasema yule muuza samaki naye amekufa, hajijui tu. Wakapokea, ingawa shingo upande. Lakini Mama Sufuria akapiga chafya. Kisha akarudi nyumbani, akajimiminia supu, akaipuliza.

"Mzimu gani anapuliza supu?" akasema Swaumu. "Anaogopa kuungua, ameshakufa?"

Nikajibu ni mazoea. Hapohapo akaingia mwuza nyama mwenye masharubu, akamshika kiuno, naye akamzaba kofi lililosikika mpaka duka la mabomba. Nikasema mkono wa mzimu ni mzito. Watu wakacheka, lakini si kicheko kile ninachokipenda. Wawili wakasimama, wakajifuta vumbi la benchi, wakatoka. Shamsa alikuwa mlangoni, flashi anaizungusha vidoleni.

Ningeweza kufika mwisho salama, kama si bustani. Mama Sufuria akatoka nje, akaenda mpaka kwenye kaburi lile lile tulilolililia mwaka jana. Akainama, akatoa kwenye kikapu mkanda wa ngozi wenye kengele, akautundika juu ya jiwe. Kisha picha ikarudi siku za nyuma, ikamwonyesha Afande Makaburi anacheka kwenye majani, na mbele yake anakimbia mbwa mkubwa mweupe, na shingoni ana ule mkanda.

Hakuna aliyehitaji mtafsiri.

"Zahoro," akasema Swaumu. Hakusema mzee, hakusema kaka. "Mimi nimempikia mbwa pilau."

"Na mimi nilimwombea dua," akasema Twaha, akajishika kichwa.

Nilikuwa na jibu. Lilishafika mdomoni: mbwa na mpishi walizikwa pamoja, ndivyo ilivyo desturi kule. Nikamtazama Swaumu. Mchele ule aliununua mwenyewe, na viungo alitwanga mwenyewe, na siku ile alivaa kanga mpya. Nikalimeza lile jibu. Nikasema kwa maiki, ili na wa nyuma wasikie, kwamba episodi mbili hazikufunguka, nikabuni kifo. Na Kiingereza chenyewe nusu yake sikijui. Na mengine mengi nimebuni.

Ignasi akauliza mengine kama yapi. Nikamtajia yule hakimu wa kwenye tamthilia ya Afande, aliyedai mahari ya ng'ombe kumi. Akainamisha kichwa. Hicho, akasema, ndicho kipande alichokipenda kuliko vyote.

Shamsa akaja akaninyang'anya maiki, akachomeka flashi. Sauti ya kijana ikajaa banda, ina mwangwi kama mtu yuko ndani ya tangi. Na alijua, huo ndio ukweli. Kumbe mwuza nyama alikuwa anadai mkataba wa chumba, kumbe dakika zote zile walikuwa wanazungumzia kodi ya jengo. Kijana alieleza kifungu kwa kifungu, na kila baada ya muda akataja namba yake ya simu. Mtu akapiga miayo. Ignasi akamuuliza kijana kwa nini yule mama amekunja uso, na kijana, kwa kuwa yumo kwenye flashi, akaendelea na kodi.

Nilishaokota koti langu Swaumu aliposimama.

"Shamsa, mrudishie maiki," akasema. Kisha akanigeukia. "Ila pale usipojua, useme hujui. Ukimuua mtu tena bila uhakika, msiba utapika wewe."

Shamsa akanipa maiki, akarudisha muvi yetu. Nikakaa. Mwuza nyama akarudi usiku, akamnong'oneza Mama Sufuria kwenye kidirisha. Nikasogelea maiki, nikasema, "Hapa sijui."

Banda likapasuka. Ignasi akasema mwuza nyama anaomba radhi kwa kumshika kiuno. Twaha akaapa huyo ndiye muuaji, tazama masharubu. Mama wa nyuma akasema anaulizia kama supu imebaki. Wale wawili waliotoka wakachungulia mlangoni kuuliza kuna nini, wakaingia, wakakosa nafasi. Mpaka muvi inaisha nilikuwa nimesema sijui mara arobaini na moja, Ignasi alihesabu, na Shamsa alikuwa ameshaichomoa ile flashi anabishana na Twaha kuhusu masharubu.

Leo nimefika mapema nikakuta benchi la Swaumu limesogezwa mpaka ubavuni mwa kiti changu. Anasema kwenye mapishi atatafsiri yeye.