Kitanda cha Bunduki

Mzee Mwikwabe wa Susuni alipofariki aliacha migomba, ng'ombe wachache na bunduki ya kuwindia ambayo hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa. Mke hakuigusa, mtoto hakuigusa, na mgeni aliyeitazama sana aliulizwa kama ameona nyama ya kuchoma. Alilala nayo chumbani. Aliisafisha mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, na hata siku za mwisho, kifua kikiwa kimemkatalia kabisa, alitaka iegemezwe ukutani mahali anapoweza kuiona. Nchagwa, mwanawe wa pekee, hakuona ajabu. Wazee wana mambo yao.

Sasa Nchagwa aliitaka bunduki hiyo iandikwe kwa jina lake. Rashi mpya ya dhahabu, zile mbio za kukimbilia machimbo, ilikuwa imeleta watu wa kila namna, wengine wachimbaji kweli, wengine wachimbaji wa mazizi ya wenzao, na ng'ombe walikuwa wakitoweka usiku. Lakini serikali haimpi mtu silaha kwa sababu tu baba yake alikuwa nayo. Lazima kwanza aende kwenye uwanja wa shabaha, nje ya mji wa Tarime, apige risasi mbele ya mkufunzi na ubao uonyeshe matundu.

Akaenda. Njia nzima, hata hivyo, hakuwaza shabaha. Alimwaza mama yake, na kila alipomwaza alikasirika, maana mama huyo alikuwa amemgombanisha na mkewe.

Jambo lenyewe lilianza kwenye rashi ya kwanza, Nchagwa akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Baba yake alishuka mashimoni Nyamongo, na mama yake, Robi, alikaa juu na wanawake wengine akiponda mawe na kuosha mchanga. Siku moja wakapata kipande. Si vumbi la kukwangua kwenye karai, ni kipande hasa, cha kumtoa mtu kwenye nyumba ya nyasi na kumwingiza kwenye ya bati. Kabla mwezi haujaisha kipande kikawa hakipo. Baba alisema Robi amewapelekea kaka zake, upande wa Kenya. Robi alisema amempa mumewe mkononi, kimefungwa kwenye kitambaa cha njano alichokikata kwenye pindo la gauni lake la kwaya, akakishona kwa uzi mwekundu kisifunguke. Aliyasema hayo mbele ya wazee, akayarudia, na kila alipoyarudia mumewe aliinama na kutikisa kichwa, kama mtu anayemwonea mkewe huruma.

Kwa Wakurya ndoa ni ng'ombe. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekwisha, na watoto wanabaki kwa baba. Kaka zake Robi walirudisha ng'ombe kwa aibu, wakiwemo wale ambao mdogo wao Kisyeri alikuwa amewekewa ili aoe. Wale wale ng'ombe hawakumaliza msimu zizini kwa Mwikwabe. Walitoka tena, safari hii kwenda kumlipia mahari msichana mmoja aitwaye Mokami, ambaye naye alikaa kidogo tu kisha akatoroka na mchimbaji wa kutoka Kahama. Nchagwa akabaki na baba, na baba akamlea kwa wimbo mmoja: mama yako alituibia.

Mtoto akilishwa chakula kimoja tu, hakijui kingine. Siku ya mazishi Robi alikuja, amejifunga kaniki, anatembelea fimbo. Nchagwa alimzuia pale langoni, watu wote wakisikia. "Mgeni," alimwambia, "hapa hakuna chako." Robi alimtazama, akageuka, akarudi alikotoka.

Kisha, mwezi huu huu, mjomba Kisyeri alivuka mpaka akaja kukaa sebuleni. "Mura," alisema, kwa neno la Kikurya la kumwita kijana wa kiume, "miguu ya mama yako imechoka. Mwanamke anazeekea kwa mwanawe, unajua hivyo. Anaomba kibanda tu, nyuma ya jiko la mkeo."

"Alete kwanza dhahabu ya baba," Nchagwa alijibu.

Mjomba alivaa kofia yake akaondoka bila kumaliza chai. Neema, mke wa Nchagwa, alikuwa mlangoni na amesikia yote.

"Wewe ulimwona akiiba?" aliuliza.

"Baba alimwona."

"Basi ukamwulize baba."

Tangu hapo Neema alimpikia, alimwandalia, na hakumsemesha.

Uwanjani alimkuta mkufunzi, Afande Awino, mama wa makamo mwenye sauti isiyohitaji kupanda. Walikuwepo pia wenye bunduki wengine, mmoja wao mfugaji mnene wa Mbalibali aliyependa utani kuliko shabaha. Ukingo wa uwanja ulijengwa kwa viroba vya magwangala, yale mawe ya mabaki yanayomwagwa na migodi na ambayo vijana huyapekua wakitafuta chochote kilichosahaulika. Vilikuwa vizito hivyo, kila kimoja kazi ya wanaume wawili wasio wavivu.

Nchagwa alilala kifudifudi, akaweka bunduki begani, akafyatua. Ikampiga teke la punda. Risasi ilikwenda ilikojua yenyewe, na ubao ukabaki mzima. Akarudia. Safari hii alifumba macho kabla hata ya mlio, akajua kwamba amefumba, na akajua kwamba wote wameona.

"Mura," mfugaji wa Mbalibali alisema, "hiyo bunduki inakutahiri mara ya pili?"

Wakacheka. Nchagwa hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya kisu akiwa kijana bila kupepesa jicho, baba yake akimtazama usoni kutafuta woga na kuukosa. Ilikuwa siku pekee ambayo mzee yule alimshika mkono kwa fahari. Leo anapepesa kwa chuma cha mzee huyo huyo, mbele ya watu wenye midomo. Uso wote ulimwaka moto.

"Usijali," Afande Awino alisema. "Bunduki hii inasukuma vibaya, hata mimi ingenisukuma. Tutailaza kitandani."

Akaleta kitu cha chuma, mfano wa kitanda kidogo cha mtoto, akakiweka juu ya meza ya zege. Mbele kilikuwa na mfuko laini wa kulalia mtutu, nyuma mkanda wa ngozi wa kupokea kitako, na chini sinia ya kuwekea uzito. Wote pale walikiita kitanda. Teke la bunduki, alieleza, linapokelewa na kitanda badala ya bega.

"Weka viroba vidogo viwili vya mchanga hapa chini, basi. Kikisogea nyuma kidogo kiache kisogee, ndiyo kazi yake. Ukikikandamiza kikakosa pa kwenda, nguvu yote itaingia kwenye mti wa bunduki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Afande."

Hakuelewa. Masikio yalisikia, ila kichwani lilibaki neno moja tu, kusogea, na kusogea ndiko kulikokuwa kumemuaibisha. Bunduki ya mfugaji ikakwama, Afande akaenda kumsaidia. Nchagwa aliangalia huku na huku. Kisha akamwomba jirani yake amsaidie, wakabeba kiroba cha magwangala kutoka ukingoni wakakitupia juu ya sinia. Wakaongeza kingine. Akakisukuma kitanda kwa mguu, hakikutikisika. Akaridhika. Kama ni mwanamume, naye asimame hivyo.

"Tayari?" Afande aliuliza kutoka upande wa pili, macho yake yakiwa kwenye ubao.

"Tayari."

Akafyatua.

Kitanda hakikusogea hata unywele. Bega halikuhisi kitu. Kule mbele ubao ulikuwa umetoboka katikati kabisa, na kwa kitambo kifupi Nchagwa alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Halafu akasikia mti ukilia, mlio mkavu wa kuni ikipasuliwa, akatazama chini.

Kitako cha bunduki ya baba yake kilikuwa kimepasuka kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Bamba la chuma la nyuma lilining'inia kwa skrubu moja.

"Toa mkono kwenye silaha," Afande Awino alisema, tayari amefika. Alifungua chumba cha risasi, akatoa zilizobaki, akahakikisha kwa kidole. Ndipo akaviona viroba. Alimtazama Nchagwa kwa namna ambayo mtu mzima hapendi kutazamwa. "Nilikuambia viwili vya mchanga."

Nchagwa hakumsikia. Alikuwa anatazama ndani ya ule ufa. Ndani ya mti mlikuwa na shimo, na ndani ya shimo kitu cha njano.

Afande alikivuta taratibu kwa ncha za vidole, akakiweka mezani. Kilikuwa kitambaa kilichokunjwa na kushonwa kuzunguka kitu kigumu. Njano yake ilikuwa imefifia na kulowa mafuta ya bunduki. Uzi ulikuwa mwekundu.

Nchagwa alipigwa na butwaa. Watu walikuwa wakisema jambo, aliona midomo yao ikicheza, lakini hakuna neno lililomfikia. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukakishika kitambaa, ukahisi uzito uliokuwa ndani, ukakiachia haraka.

"Mti huu ulitobolewa na mtu kwa patasi," Afande alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Kuta zilibaki nyembamba, ndiyo maana umepasuka hivi. Na angalia skrubu hizi. Vichwa vimeliwa kwa kufunguliwa mara kwa mara, na mafuta yake si ya zamani. Nani alikuwa anaisafisha?"

"Baba."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine," Nchagwa alisema, na alipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake, akakaa chini kwenye vumbi.

Mlango uliokuwa ukifungwa kwa ndani. Mgeni aliyeulizwa kama ameona nyama. Macho ya mzee pale kitandani, yametulia ukutani hadi dakika ya mwisho. Alikuwa anajua. Hakusahau, hakukosea, hakudanganywa na mtu. Alikaa mbele ya wazee akitikisa kichwa kwa huruma, dhahabu ikiwa chumbani kwake, akawapokea ng'ombe wa watu, akaoa nao, na jioni akamfundisha mtoto wimbo wake. Na dhahabu yenyewe hata kuila hakuila. Kuuza asingeweza, maana hakuna mnunuzi Nyamongo nzima ambaye hakuusikia ule wizi. Angekitoa tu kipande kile, angejitangaza. Akabaki kukifungulia skrubu na kukiangalia. Nchagwa alimchukia, papo hapo, kwa chuki iliyomshtua mwenyewe, na chini ya chuki hiyo akaona jambo baya zaidi. Pale langoni baba alikuwa tayari ndani ya jeneza. Aliyesema "mgeni" alikuwa yeye.

Mfugaji wa Mbalibali alivua kofia.

"Bunduki haiwezi kupita," Afande Awino alisema. "Itabaki hapa. Hicho kingine ni cha nyumbani kwenu, kichukue."

Nchagwa hakurudi Susuni. Alikwenda moja kwa moja Sirari, mpakani, akavuka, na alasiri alikuwa kwenye boma la mjomba Kisyeri. Mjomba alimwona, akamwona na uso wake, akamwonyesha kwa kidole upande wa jikoni.

Robi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mboga, fimbo imelala pembeni.

"Shikamoo, mama."

Mikono yake ilisimama juu ya mboga. Neno hilo hakuwa amelisikia kutoka kwa mwanawe tangu alipokuwa mtoto. "Marahaba," alijibu, akaendelea kuchambua.

Nchagwa alipiga magoti, akakiweka kitambaa miguuni pake. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamkimbia. "Ilikuwa ndani ya bunduki," alisema. "Baba aliificha ndani ya bunduki. Nisamehe. Nimekuja kukuchukua, mama, twende nyumbani. Neema atakupokea."

Robi alikiokota kitambaa. Alipitisha kidole juu ya mshono, polepole, mpaka mwisho, kama anayehakikisha kwamba ni wa mkono wake. Kisha akachukua kisu cha mboga, akakata uzi, akakitoa kile kipande bila kukitazama na kukiweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Hii ni ya baba yako," alisema. "Uliagiza niilete. Basi, umeipata."

Kitambaa alikikunja, akakifutika kifuani.

"Hiki ni changu."

"Mama, sikujua."

"Nilisema," Robi alijibu, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, jambo lililomuumiza kuliko hasira. "Kwa wazee nilisema. Kwako nilituma watu wakuambie, mwaka baada ya mwaka. Mdomo wangu hukuuamini. Umeamini kitambaa."

Nchagwa alilia pale pale chini, mwanamume mzima, na hakujali nani anaona. Robi alimwacha alie. Kisha akaishika fimbo yake, akainuka kwa shida, akaingia jikoni. Alitoka na kikombe cha chai na kigoda kingine, kile chenye ngozi, kinachotolewa kwa watu wa heshima wasio wa boma hilo. Akakipangusa kwa upindo wa khanga, akamwekea.

"Kaa, mgeni," alisema. "Kunywa chai upesi, mpaka ni mbali na giza lisikukute njiani."