Msitu Ulio Mezani

Jumanne asubuhi, saa tatu kasorobo, muuza nyama alirudi studio akiwa na bahasha mkononi. Picha nne za pasi alizopewa wiki iliyopita hazikuwa zake. Zilikuwa za mwalimu wa hesabu. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza kama anaweza kuongezewa mbili, maana ofisini zilipokelewa bila neno.

Mpiga picha aliishika picha moja, akaitazama, akamtazama muuza nyama, na yeye mwenyewe asione tofauti. Hapo ndipo alipojua kwamba kazi imemtoka mikononi.

Watu walimwita Geukakidogo, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila aliyeketi kwenye stuli mbele ya shuka jeupe: geuka kidogo. Miaka ishirini na miwili aliwageuza watu wa mji ule, maharusi kwa wastaafu. Kazi aliianza kwa mapenzi. Siku hizi alibonya kamera kama mtu anayebonya kengele ya nyumba asiyotaka kuingia.

Jioni alimweleza mdogo wake, muuguzi, walipokuwa wakimenya viazi pamoja jikoni.

"Dada, unakaa ndani mno," mdogo wake alisema. "Toka nje. Kapige kitu kisichohitaji pasi."

"Kama nini?"

"Nitajuaje? Mimi nachoma watu sindano. Panda kilimani. Kilima hakina haraka, wala hakifumbi macho."

Mwenda bure si mkaa bure. Kesho yake kulipopambazuka Geukakidogo alipanda kilima kilicho juu ya tangi la maji la mji, na kamera ya mkanda aliyoachiwa na baba yake. Kwenye makaratasi kilima hicho kiliitwa msitu. Kwa macho kilikuwa visiki, vumbi la mbao, na miti michache iliyosimama mbalimbali kama wageni wasiojuana. Alichagua kisiki kimoja kwa sababu utomvu wake ulikuwa bado mbichi, na jua la kwanza lilipenya ndani yake likawa na rangi ya asali. Kwa mazoea alikiambia kigeuke kidogo. Kikageuka. Akapiga.

Jioni, katika chumba cha giza, alitumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa na kusubiri. Kilichojitokeza hakikuwa kisiki. Lilikuwa shina la mti, limenyooka na kutoka nje ya fremu kwa juu. Geukakidogo alisonya. Mti hauna kilele. Kosa la mwanafunzi hilo. Alikuwa ameilenga kamera kwa kimo cha kisiki.

Kesho yake alirudi kwenye kisiki kile kile, akasogea nyuma hatua thelathini, akainua kamera mpaka nusu ya fremu ikawa anga tupu. Safari hii mti ulitoka mzima, na kiota juu yake.

Basi akawa anapanda kila asubuhi kabla ya kufungua studio. Kila kisiki alichokipiga kilitoka mti, jinsi ulivyokuwa siku ya mwisho kusimama. Miti iliyokuwa haijakatwa ilitoka ilivyo. Alijifunza upya mambo aliyodhani anayajua: kwamba wingu jembamba lina huruma kuliko jua kali, kwamba mti ukiwekwa katikati unakaa kama mshitakiwa, kwamba nusu ya kazi ni kungoja. Alianza kuimba akiosha vyombo. Muuza nyama alipopigwa upya, safari hii alitoka yeye mwenyewe, na usoni alikuwa kama mtu anayesikiliza mvua ikianza. Aliikata picha ya pili akampa mkewe.

Picha za kilimani alizianika kwenye kamba, kutoka ukuta hadi ukuta. Chini ya kamba kulikuwa na ubaridi mzuri. Majani yalidondoka, akawa anafagia mara mbili kwa siku. Fundi cherehani wa mlango wa pili alihamishia mashine yake pale, akashona kivulini.

"Huu ndio ule mti wa nyuki," fundi alisema siku moja, uzi ukiwa mdomoni. "Ulikatwa mwezi wa tatu. Maji yetu nayo yalikatika mwezi wa nne."

Ilikuwa kweli. Chemchemi iliyolisha tangi ilikuwa imebaki uzi. Mabomba ya mji yalikohoa asubuhi na kunyamaza, na wanawake walipanga ndoo tangu alfajiri. Fundi alisogeza miwani akaonyesha kitu ambacho Geukakidogo alikuwa amekiona bila kukitazama: kwenye kila picha ya mti uliokatwa, usawa wa kifua, palikuwa na namba ya rangi nyekundu, ile inayopigwa kuruhusu msumeno.

"Mwenye rangi hiyo anajulikana," fundi alisema. "Peleka kwenye kikao cha maji. Mwenye macho haambiwi tazama."

Siku hiyo mdogo wake Geukakidogo alipita studio akitoka zamu. Alisimama chini ya kamba, akasoma namba moja baada ya nyingine. Mumewe alikuwa ofisa wa misitu.

"Saba yenye mkanda tumboni," alisema. "Hivyo ndivyo anavyoandika. Hata kwenye kadi ya kliniki ya mtoto ameiandika hivyo."

Geukakidogo alishika ufagio.

"Utazipeleka?"

"Nitazipeleka, mdogo wangu."

Muuguzi alitoa jani kwenye nywele zake, akalitia mfukoni. "Basi vaa lile gauni la bluu. Ukienda na hili la maua hawatakusikiliza."

Kikao kilikaa Alhamisi, saa nne. Geukakidogo alipanga picha zote mezani, mia moja na kumi na mbili, mpaka ikabidi karani aondoe birika. Upepo ulipita kati ya wajumbe. Shemeji yake aliketi upande wa pili na faili lake, akamsalimu kwa heshima, "Shikamoo, shemeji," naye akaitikia.

Mwenyekiti alizitazama picha kwa makini, moja moja.

"Msitu mzuri," alisema.

"Umekatwa, mwenyekiti. Hiyo ndiyo miti iliyokatwa."

"Iliyokatwa. Na hapa imesimama."

"Ndivyo inavyotoka."

"Mama, sibishi inavyotoka. Mimi mwenyewe marehemu baba yangu hutoka kwenye kila picha ya sikukuu, na kiti tunamwekea. Lakini kikao kinafanya kazi na kilicho mezani, na mezani kuna msitu." Alimgeukia ofisa. "Tena miti imepewa namba vizuri. Hongera."

"Twendeni kilimani tukaone," Geukakidogo alisema. "Ni mwendo wa saa moja tu."

Mjumbe mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine alisema goti linamsumbua. Karani aliandika: msitu upo na umehesabiwa, tatizo la maji litafutwe kwenye mabomba. Wakanyoosha mikono.

Watu walipotoka, shemeji yake alibaki. Aliichukua picha yenye namba thelathini na saba, akaishika karibu na uso muda mrefu, kama anayeinusa.

"Huu nilikuwa naupenda," alisema.

"Kwa nini uliuandika, shemeji?"

Ofisa aliirudisha picha mezani. Kisha akaomba, kwa sauti ya chini, kama angeweza kukuziwa picha kumi za ukutani, kwa ajili ya ofisi, wakaguzi wakija. Karani aliingia na ufagio akaanza kuzoa majani chini ya meza.

Picha hizo Geukakidogo hakuzikuza. Lakini zile mia moja na kumi na mbili zilikuwa zimeshakuwa za kikao, na kikao kiliziazima ofisi ya misitu. Zilitundikwa huko, na wanaosubiri kibali husema benchi la pale lina kivuli kizuri. Muuguzi alirudi kwa dada yake na mtoto na begi moja, akakaa wiki mbili, kisha akarudi kwake. Ndoo ziliendelea kupangwa.

Asubuhi moja Geukakidogo alipofika kilimani, palibaki miti sita. Mwendesha msumeno alikuwa tayari, mashine inanguruma. Alimwamkia, akamwambia mama yake mzazi anaomba picha ya mwanawe akiwa kazini, kama haitakuwa usumbufu. Akasimama chini ya mti wa kwanza, mkono begani mwa shina.

Geukakidogo alisogea nyuma mpaka kilele kikaingia. Wingu lilikuwa linapita, akamwomba asubiri kidogo. Mwendesha msumeno, mtu mwenye adabu, alizima mashine. Wakangoja pamoja, ndege wakilia juu. Wingu likapita. Akapiga.

"Asante sana, mama," mwendesha msumeno alisema, akavuta kamba ya mashine.