Paa Lililomwamkia Dada

Mhandisi alikuwa juu ya ngazi akikaza nati ya kenchi ya kumi na moja wakati dada yake mkubwa alipoingia ghalani, na kenchi zote zilizobeba paa zikainama. Ziliinama kiasi cha vidole vinne kuelekea mlangoni, taratibu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anapoamkia. Dada alipokwenda kuchukua msumeno upande wa pili, zikamfuata.

"Paa hili lina adabu," alisema mchomeleaji, akifuta miwani. "Kuliko wengine."

Mhandisi aliendelea kukaza nati. Jina lililoandikwa kwenye mchoro lilikuwa lake. Mwenye ghala alimsifu mbele ya watu kwa kupunguza theluthi nzima ya mbao: mbao zikae sehemu zinazobanwa tu, zinazovutwa ziachiwe vyuma vyembamba. Dada, seremala asiye na cheti, ndiye aliyemwonyesha jambo hilo nyumbani, kwa njiti za kiberiti na uzi. Hilo halikumsumbua sana. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amepita chini ya kenchi zile siku tisa mfululizo, na hata moja haikumjali.

Saa sita, wenzake walipotoka kula, alisimama peke yake katikati ya ghala. Akakohoa. Akatembea kwa maringo kidogo, ukuta hadi ukuta. Akapanda na pimamaji, akapima. Zilikuwa zimenyooka kabisa.

"Mkaguzi anakuja kesho kutwa," alimwambia dada yake aliporudi. "Akizikuta zimeinama hapitishi. Kaa nje."

"Nje wapi, mdogo wangu?"

"Nje tu."

Dada akakaa nyuma ya ukuta. Kenchi zikaelekea ukutani. Akahamia penye rundo la mchanga, zikaelekea mchangani. Alipotoka getini na kuketi ng'ambo ya barabara, zikanyooka, shingo upande.

Mhandisi alimfuata huko.

"Kwani ulizifanya nini?"

"Nilizifikiria."

Alitazama paa kwa mbali, kisha akarudi ndani.

Kenchi ya kumi na mbili, ya mwisho, ilibaki sakafuni. Nati zake zilikuwa bado zinacheza, kwa kuwa, kama kwa zile kumi na moja, ni Dada tu aliyejua zikazwe kiasi gani. Mhandisi akampigia, wakakubaliana ataelekeza kwa simu, kesho saa mbili asubuhi, akiwa hukohuko ng'ambo.