Kura ya Saba

Mzee Damiano wa Mushasha alikuwa msemaji wa posa. Mtu akitaka kuoa, iwe Gitega mjini, iwe Giheta, iwe mpaka kule Muyinga, alitafuta msichana kwanza, halafu akamtafuta Damiano. Na wengine, Mungu awasamehe, walianza na Damiano. Ndiye aliyesimama mbele ya wazee wa upande wa pili akaomba binti wa watu kwa maneno matamu. Alikulia Kigoma, akarudi Burundi na Kiswahili kilichonyooka kama shati la pasi, na watu walimwita wamsikie tu, hata kama binti mwenyewe alishakubali zamani na nguo zilishaanza kumbana tumboni.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya Giheta. Bwana harusi alikuwa na historia yake: miaka miwili nyuma Damiano alimposea msichana mwingine, mambo yakavunjika. Safari hii Damiano akasimama, akakohoa, akapamba maneno, akafika kwenye jina, na mdomo ukatoa Raissa. Aliyekuwa akingoja nyuma ya pazia aliitwa Emiliana. Raissa alikuwa yule wa kwanza.

Ndoa ilifungwa, lakini kwa jasho. Tangu hapo, mwaka na nusu, simu ya Damiano ilikuwa ikilia kwa matangazo ya kampuni ya simu peke yake. Kazi zilikwenda kwa vijana wenye vipaza sauti na miwani ya jua. Kila Jumamosi asubuhi alivaa koti lake la kahawia akakaa barazani kama msafiri anayengoja gari, na jioni Lucia, mkewe, alilitundika ukutani bila kusema neno. Lucia akikosa la kusema, ujue hali ni mbaya.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, ndani ya koti, siku Godfrey alipomjia na habari za mpira.

Godfrey aliuza vipuri vya baiskeli sokoni, na wakati wote uliobaki alikuwa kiongozi wa mashabiki wa chuo cha Gitega. Mwaka huo mashindano ya vyuo yalikuwa yamewasha moto, na moto wenyewe haukuwa wa kombe. Kombe lilishachukuliwa na likasahauliwa. Ugomvi ulikuwa wa tuzo ya Mchezaji Bora, kiatu cha shaba kilichogongomewa juu ya kibao cha mbao. Kila mwaka kiatu hicho kilikwenda kwa mshambuliaji, na kila mwaka mshambuliaji huyo alitoka Gitega. Watu wa Muyinga walisema hiyo si tuzo tena, ni mshahara. Walisema wanakamati wote sita wanakaa Gitega, wanatazama mechi za Gitega kwa sababu ziko karibu na chakula chao cha mchana, na zile za Muyinga wanasimuliwa na madereva. Watu wa Gitega wakajibu kwamba mpira ni magoli, na asiyefunga goli akaimbe kwaya.

Gitega walikuwa na Bahati, mabao tisa, nywele zimekatwa mistari mitatu. Muyinga walikuwa na Husni, kipa, aliyefungwa mara mbili tu katika mechi saba. Hoja kubwa ya Godfrey, aliyoirudia mpaka wateja wake wakasahau walichokuja kununua, ni kwamba kipa hawezi kupewa kiatu kwa kuwa anafanya kazi kwa mikono. Labda wamtafutie glavu.

Basi kamati ikapiga kura, ikatoka tatu kwa tatu. Wenyewe walishtuka. Wakaamua kura ya saba iwe ya mashabiki: pande mbili zikutane Ijumaa saa nane mchana katika ukumbi wa kukodi pale Mushasha, kila upande na msemaji wake mmoja, wakubaliane jina, waliandike na kutia sahihi. Wasipokubaliana kabla ya saa kumi, kiatu kinarudi kabatini mpaka mwaka ujao.

Damiano aliuliza kwa nini wamemfikiria yeye. Godfrey hakuwa mtu wa kupaka asali.

"Wale vijana wa mikro wote iko na kazi wikiendi hii," alisema. "Ni we tu umebaki, mzee."

Damiano alimeza hiyo pamoja na mate. Alijua mambo mawili. Ukumbi ungejaa watu, na kila mtu angekuwa na simu ya kurekodi. Akisema vizuri, Gitega nzima ingejua kwamba ulimi wake umepona, na Jumamosi zake zingerudi. Akichemka mara ya pili, basi, Lucia angelikata lile koti akashonea mito.

Siku tano alijiandaa. Magoli ya Bahati aliyajua, kila mtu aliyajua. Kazi ilikuwa kumtafutia Husni makosa. Alichukua simu ya Lucia, akatazama mechi za Muyinga moja baada ya nyingine mpaka bando likaisha, akanunua jingine, likaisha nalo. Alitafuta makosa kama mwanamke anayechambua mchele wa wageni. Alipata mawili: kijana alikuwa akiwafokea mabeki wake, na soksi yake ya kushoto ilikuwa haikai juu.

Ijumaa ilipofika, watu wa Muyinga waliondoka kwao gizani, wakafika Mushasha saa sita. Watu wa Gitega, ambao kutoka kwao mpaka ukumbini ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, walifika saa nane na robo.

Ukumbi ulikuwa umeshapangwa kwa posa ya kesho yake. Viti vilitazamana safu kwa safu, katikati zulia jekundu, na maua ya karatasi juu. Upande wa mlango wa jikoni ndio upande wa wenyeji, wa familia ya binti. Upande wa mlango mkubwa ni wa wageni, wanaokuja kuomba. Damiano alikuwa ameingia ukumbi huo mara nyingi kuliko padri anavyoingia sakristia. Na upande wa wenyeji, wametulia, wamevua mpaka viatu, walikuwa wamekaa watu wa Muyinga.

Mbele yao alikaa msemaji wao. Mashabiki wa Gitega walipomwona wakaanza kuchekeana, maana alikuwa mwanamke: Zuena, mfanyabiashara wa vitenge, mama wa miaka hamsini na kitu mwenye kilemba cha manjano, shangazi yake Husni, dada wa baba yake kabisa. Godfrey alimnong'oneza Damiano kwamba kazi imekwisha, Muyinga wameleta shangazi.

Zuena hakuonyesha kusikia. Aliwapa ishara vijana wake, na kreti ya Fanta ikapita upande wa Gitega, kila mtu chupa yake, baridi. Watu walikuwa wametembea juani. Wakanywa. Damiano naye akanywa, na hapo ndipo alipokosea, ingawa ilikuwa Fanta nzuri. Zuena akangoja mpaka chupa zifike nusu, akainuka taratibu, akaweka mkono kifuani.

"Wageni wetu, karibuni. Hapa ni nyumbani," alisema. "Ila mi siwajue vizuri. Donc mutuambie kwanza: mumetoka wapi, na mumepita huku munatafuta nini?"

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha wa kuchangamsha kikao. Damiano hakucheka. Kitu fulani kilimpanda kutoka kwenye magoti. Mwaka na nusu hakuna aliyemuuliza swali hilo. Mbele yake zulia jekundu, mkononi kinywaji cha wenyeji, ng'ambo mama mwenye kilemba anamwuliza ametoka wapi. Farasi mzee akisikia ngoma, hamwulizi mtu ni sherehe ya nani. Koti lilijinyoosha lenyewe.

Akasimama. Akashukuru kwa kinywaji. Akataja walikotoka, jirani tu ya hapo, akawatambulisha wenzake mmoja mmoja, akamwita Godfrey mtu wa heshima, jambo lililomfanya mwenyewe aangalie nyuma. Akasema wao ni wapita njia tu, lakini walipopita karibu na boma hili waliona kitu kinang'aa, miguu ikakataa kuendelea.

Zuena akatikisa kichwa kama mtu asiyeelewa. "Vijana iko wengi kwetu hapa, mzee. Iko mwenye kukimbia, iko mwenye kuimba, iko mwenye kulala tu mpaka saa nne. We unasema nani?"

Na Damiano, kwa desturi ya miaka thelathini, akamsifu mtoto wa nyumba. Mgeni hawezi kusifu mtoto wake mwenyewe kwenye nyumba ya watu. Hilo halijawahi kusikika. Mtoto wa nyumba hii alikuwa Husni.

Alianza na ile penalti ya nusu fainali, aliyoitazama mara kumi na moja. Akaeleza jinsi kipa hakusimama katikati ya lango, alisogea hatua moja, akamwachia mpigaji upande wazi kama unavyomwachia mwizi mlango ili umkamate ndani. Akaeleza alivyoruka, na kwamba alipoudaka mpira hakukimbia kujionyesha kwa watu. Alimwendea mpigaji, akamwinua. Akaja kwenye kufokea mabeki, akasema baba anayependa nyumba yake hanyamazi. Hata ile soksi aliitaja, akasema kijana ana mengi ya kulinda kuliko soksi. Mzee mmoja wa Gitega safu ya nyuma alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo koti lilipovutwa kwa nyuma mpaka uzi mmoja ukakatika.

"Mzee," Godfrey alinong'ona, "unaoa nani?"

Damiano aliona yote kwa mara moja: viti, zulia, Fanta, na jicho la Zuena likimtazama bila kupepesa, na ndani ya jicho hilo kicheko kimekaa kama mgeni aliyealikwa. Kulikuwa na njia mbili. Moja, ageuke, aseme samahani, nilikuwa namaanisha Bahati. Lakini maneno "samahani, nilikuwa namaanisha" alishayasema Giheta mara moja, na simu zote za ukumbini zilikuwa juu, zinarekodi. Njia ya pili ilikuwa kumaliza. Na tena, tuseme ukweli, kulikuwa na la tatu lililomsumbua: katika yote aliyokuwa amesema, hakulipata hata neno moja la uongo la kulirudisha.

Akavuta koti lake kutoka mkononi mwa Godfrey.

"Mshambuliaji akikosa mara tisa akapata moja, tunamwimbia," alisema, na sasa sauti ilishuka chini, ikawa ya kwake kabisa. "Huyu amepata mara tisa. Siku akikosa moja, tutamtukania mama. Miaka yote tumempa kiatu anayeonekana. Wenyeji wetu, leo tumekuja kuwaomba mtutolee huyu ambaye mkimtazama vizuri hamwoni kitu, kwa sababu kitu chenyewe amekizuia kisitokee. Jina lake Husni."

Watu wakapiga makofi pande zote mbili, hata wale waliojilaumu baadaye. Zuena alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, na machozi yalikuwa ya kweli, maana shangazi ni shangazi.

"Tumesikia," akasema. "Mumemuomba wenyewe. Bon, sisi tumemutoa."

Karatasi ilikuwa tayari. Godfrey alijaribu kupinga, akasema huo si mkutano, ni mtego. Zuena alimwuliza kwa upole kama amewahi kuona mtu anaomba mtoto wa watu, anapewa, halafu anasema alikosea nyumba. Damiano alitia sahihi. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Nje, watu wa Muyinga wakipanda gari lao kwa nyimbo, Zuena alimsogelea.

"Ule mutego uliuona saa ngapi?"

"Katikati."

"Na haukukaa chini?"

"Nilikuwa nimefika pazuri," alisema Damiano.

Mashabiki wa Gitega hawakuongea naye wiki nzima. Sokoni walimpa mgongo, na fundi wake wa viatu, ambaye mpira haumhusu, akajifanya hana gundi. Lakini jioni, kila mtu kwake, walitumiana ile hotuba kutoka simu hadi simu, na wengine walijifunza ile sehemu ya mwizi na mlango. Ubishi haukufa, ulibadilika tu. Sasa nusu ya Gitega walisema kipa alistahili tangu zamani, nusu wakasema magoli ni magoli, na kamati ikaahidi mwakani kwenda Muyinga kutazama mechi, ikiwa usafiri utapatikana.

Jumatano ya wiki ya pili Godfrey alikuja. Hakuingia. Alisimama kwenye uzio, akaangalia mgomba kana kwamba ndio aliokuja kuuona. Akasema Bahati aliibiwa, na kwamba kipa na kiatu wapi na wapi. Damiano akakubali kwamba hayo ni mawazo yake. Godfrey akasema tena mabao tisa. Kisha, bila kugeuza uso, akasema kijana wake wa kwanza, Moses, amepata mchumba huko Muyinga, na familia ya binti ni watu wagumu kidogo, iko na mjomba mmoja hakimu, na ile Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sijui mzee amejaa kazi?

Damiano alivuta pumzi. Alitaka kusema ngoja nitazame kalenda, ni lazima mtu wa kazi ajipe uzito.

"Yuko," alisema Lucia kutoka jikoni. "Saa ngapi?"