Jina Lililolazwa

Teksi ilikuwa imekwisha kugeuza na kuelekeza pua barabarani Mama alipotoka mbio, viatu vya mvua miguuni, akagonga kioo cha nyuma. Mhariri, mumewe, alikishusha nusu.

"Umesahau miwani," alisema Mama, akampitishia. "Makala zote mbili zimo?"

"Zimo."

"Zitoke pamoja."

"Zitatoka pamoja. Treni itaniacha, mwanamke wewe."

"Ikikuacha utarudi kula. Nimesema zitoke pamoja."

Dereva alicheka peke yake, teksi ikaondoka. Mama alibaki langoni mpaka ilipokata kona, kisha akarudi ndani kuzima jiko.

Mhariri alikuwa anapeleka kurasa za jarida la idara ya wanyama kwa wapiga chapa. Mkobani mwake mlikuwa na makala yake juu ya chura wa kileleni, na makala ya Mama juu ya chura wa bondeni. Wote wawili walikuwa wataalamu wa vyura, katika jengo moja na ghorofa moja, na mlima walikuwa wameugawana kama watu wengine wanavyogawana kabati la nguo: yeye juu, mkewe chini.

Idara hiyo ilikuwa na desturi yake. Watu wawili wakieleza wanyama wanaofanana, makala zao hutolewa siku moja, ndani ya toleo moja, ili hapo baadaye wakija kugundulika ni mnyama yule yule, pasiwe na jina lililolikimbia jingine. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Watu waliifuata kama wanavyobisha hodi.

Mnyama hupewa majina mawili. La kwanza ni la jenasi, analoshiriki na jamaa zake. La pili ni lake peke yake. Likishachapwa, yule mnyama mmoja aliyetazamwa na kupimwa hutiwa kwenye chupa ya spiriti, chupa ikafungwa utepe mwekundu shingoni, naye ndiye mshika jina. Ubishi ukizuka popote duniani, huyo anayebishaniwa huletwa akalinganishwe naye.

Chura wa bondeni Mama alimpa jina la binti yao. Binti alikufa kwa homa kabla meno yake ya mbele hayajaota upya. Jina lenyewe halimo humu, na sababu itaonekana. Mtoto huyo aliogopa vyura kuliko giza. Mama aliporudi kutoka bondeni na chura ndani ya mfuko wa nailoni, mtoto alikuwa akipanda juu ya meza na kuamuru, "Mtoe huyo! Na wewe toka naye. Baba abaki."

Bibi, mama yake Mhariri, aliyekaa nao nyumba moja, alipoambiwa habari ya jina aliweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu alimkimbia chura mpaka siku ya mwisho, leo wewe unamfanya chura?"

"Mama, jina likichapwa halifutwi. Lile jiwe la kaburini mvua italila. Hili haliliki," alisema Mama.

Bibi alifikiri. "Haya. Angalau awe chura mzuri."

"Mzuri. Ana tumbo la njano."

"Kama nanasi?"

"Kama nanasi."

"Basi mpe," alisema Bibi, akachukua kikombe chake.

Toleo lilipokuja, lilikuwa na chura wa kileleni tu. Mhariri alikuwa amempa jina la Mkurugenzi wa idara, aliyekaribia kustaafu.

"Kurasa zilijaa," alisema mezani. "Lako linatoka toleo lijalo. Kwani hawa si vyura wawili tofauti? Haraka ya nini?"

Mama alimtazama, kisha akampakulia chakula. Toleo lililofuata lilitoka mvua zilipokwisha, na jina la mtoto lilikuwa ndani yake, kwa herufi za mlazo, kama inavyotakiwa. Mama alilisoma akiwa amesimama getini pa ofisi. Mlinzi aliomba aonyeshwe, akaliweka dole gumba chini ya jina, akalitamka polepole.

"Mtoto kaingia kitabuni," alisema. "Hongera sana, Mama." Akamalizia kwa jina la mtoto, maana ndivyo kila mtu alivyomwita tangu alipojifungua, na kufa kwa mtoto hakukumpokonya mtu jina hilo. Alikuwa Mama wa fulani, na Mhariri alikuwa Baba wa fulani, hata kwenye orodha ya chai.

Akaja mtafiti mgeni, mwanamke mpole mwenye miwani mizito, aliyekuwa akizunguka nchi mbalimbali kuwapanga vyura upya. Alizichukua chupa zote mbili zenye utepe mwekundu. Alipima miguu, akahesabu mifupa, akasikiliza kanda za milio yao, akalinganisha damu za ndugu zao walio hai. Siku alipomaliza alikuja wakati wa chai na hakugusa chai.

"Dada, samahani," alimwambia Mama. "Ni chura mmoja. Akipanda kileleni anakolea rangi, basi. Kwa hiyo lililochapwa mwanzo ndilo linalosimama."

"Na la pili?"

"La pili linalala chini yake. Hatulifuti. Linalala tu."

Mama alishukuru. Mtafiti aliufungua utepe mwekundu kwenye chupa ya chura wa bondeni, akauzungusha kidoleni, akauweka mezani karibu na sukari.

Jioni hiyo mlinzi alimwona Mama akitoka, akasimama kwa heshima kama kawaida. "Kwaheri, Mama," alisema, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo, ukiwa na umbo la neno linalofuata. Neno halikuja. Alifunga mdomo, akafungua geti. "Njia ina utelezi," alisema.

Nyumbani Bibi alikuwa akimwita mwanawe aje kula. "Baba," aliita, akangoja, kisha akaita tena, "Baba. Chakula." Alikaa akasema, "Limetoka." Hakusema nini kimetoka, na hakuna aliyeuliza.

Kaburini jiwe lilikuwa laini pale palipokuwa na jina. Tarehe zilikuwepo. Kwenye jarida nako, pale lilipochapwa, palikuwa na nafasi nyeupe. Walimwita fundi mawe, akaja na patasi na nyundo, na kila alipopiga patasi iliteleza kana kwamba anachonga sabuni. Alijaribu mpaka jasho likamwingia machoni.

"Jiwe limekataa," alisema. "Hutokea. Nichonge ua?"

"Acha," alisema Mama.

Vyura ndio waliolibakiza jina. Ofisi ilipofungwa, watu wakivaa makoti, wale wawili waliokufa zamani ndani ya spiriti walianza kulia, mmoja rafu ya juu na mwingine mezani kwa Mhariri, na mlio wao ulikuwa jina la mtoto, silabi kwa silabi, kama alivyolisema mwenyewe kwa kithembe cha pengo la meno. Aliyesikia alilisikia barabara. Mlio ukikoma, linakuwa limekwenda. Mfagiaji alisema spiriti ya mwaka huo ni nzito, akaendelea na dekio lake.

Mama alianza kubaki ofisini baada ya wengine kuondoka. Alikaa kwenye kigoda chini ya rafu, mikono mapajani, akasikiliza. Alijaribu kulishika. Alijaribu kulirudia pamoja nao, na mdomo wake ulikuwa ukienda sawasawa na wao bila sauti, kama mtu aliye nyuma ya kioo.

Halafu chura wa mezani, yule aliyeshika jina la Mkurugenzi, akaongeza maneno. Chupa yake ilikuwa mezani kwa Mhariri tangu mwanzo, mbele ya kila kilichofanyika pale. Alisema jina la mtoto, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya Mhariri, na kile kikohozi chake kifupi kabla ya neno: "Ni chura mmoja huyu. Langu litangulie."

Mama aliisikiliza tena jioni ya pili, ili asije akamsingizia mtu. Kisha akaenda nyumbani. Mhariri alikuwa jikoni akikausha vyombo.

"Ulijua ni mmoja."

"Nilijua," alisema. "Niliwapima kabla ya safari."

"Kwa nini?"

"Nilishamwahidi Mkurugenzi. Na kupanda kwangu cheo kuko mezani kwake."

"Na nini kingine?"

Mhariri aliendelea kuifuta sahani iliyokwisha kukauka. "Lingekuwa jina la chura, la kazi. Kila siku mtu angeingia mlangoni pangu akalitamka kama anayeazima kalamu. Wewe ungeweza kulisikia. Mimi singeweza."

"Sasa hakuna anayeweza."

"Najua."

"Hata mimi, Baba," alisema Mama, akaishia hapo. Mhariri alisimama na sahani mkononi akingoja amalizie, kwa mazoea.

Mama alipeleka malalamiko kwenye kamati ya majina. Walikuja wazee wachache waliovaa masweta, wakakaa ofisini kwa Mhariri wakinyonya pipi za kikohozi mpaka saa ya kufunga ikafika. Mhariri naye alikuwepo, amesimama dirishani. Chura alisema jina la mtoto, kisha akasema yale mengine, yote, na kikohozi.

"Kasema wazi," alisema mmoja.

"Kuliko wewe kwenye mkutano," alisema mwingine.

Mwenyekiti aliivua miwani yake. "Mama, tumesikia. Hapa hakuna anayemwita chura mwongo. Baba naye namtazama, hakanushi. Lakini sheria inauliza jambo moja: lipi lilichapwa kwanza? Haiulizi kwa nini. Tukianza kuuliza kwa nini, hakuna mnyama atakayebaki na jina."

"Basi nipeni lile la pili nimpe chura mwingine. Bondeni wako wengi hawajaandikwa."

"Wa jenasi hiyo hiyo, haiwezekani. Likishalala humo halipewi mwingine."

"Jenasi nyingine?"

Wazee walitazamana, wakanong'onezana. Mwenyekiti alirudi akiwa na uso mwepesi zaidi. "Jenasi nyingine, ruhusa. Hiyo tunaweza hata leo hii." Alimsogezea karatasi na kalamu yake mwenyewe. "Andika tu hapa unataka jina gani."

Mama alichukua kalamu. Mkono ulikwenda, ukapanda na kushuka kama mkono unaoandika, na karatasi ilibaki nyeupe. Alijaribu kalamu ya mjumbe mwingine. Alifumba macho, akajaribu hivyo. Chura alikuwa amekwisha kunyamaza. Wazee walingoja. Walikuwa watu wa adabu, hakuna aliyetazama saa. Yule aliyetania alikuwa akijifuta pua.

"Au Baba aandike," alisema Mwenyekiti.

Mhariri alikuja kutoka dirishani, akachukua kalamu, akaishika juu ya karatasi. Aliirudisha kalamu mezani.

"Sawa," alisema Mwenyekiti. Wakaandika kwamba wamesikiliza, wakatia sahihi, wakaomba radhi kwa Mama mmoja mmoja walipokuwa wakitoka.

Yaliyofuata ni haya. Mkurugenzi alistaafu na picha ya chura kwenye fremu, ameitundika sebuleni kwake. Mtafiti mgeni alikwenda nchi nyingine kupanga mijusi, na barua zake huja zikiwa na salamu kwa Mama, na nafasi tupu imeachwa baada ya neno hilo. Mfagiaji yupo. Bibi alifariki, mwishoni alitaka kumwita mjukuu wake, akakaa mdomo wazi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Yule wa kupanda meza," na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho.

Chura wa bondeni, kwa kuwa hakuwa mshika jina tena, alipelekwa kwa kubadilishana na taasisi ya ng'ambo, idara ikapata panya wawili waliokaushwa. Huko analia kila jioni. Wameurekodi mlio wake na kuuandika kuwa ni hitilafu ya mfuniko.

Mama aliacha kazi na nyumba, akahamia kwa dada yake, anafundisha biolojia shule ya wasichana. Anafundisha vizuri. Kwa muda alikuwa akirudi siku za mapumziko na kukaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi, mlinzi akimletea maji. Kisha jengo likawekewa viyoyozi na madirisha yakazibwa, akaacha kuja. Wanafunzi wanamwita Mama, bila kingine, naye anaitika.

Mhariri alipandishwa cheo. Kanuni inataka chupa yenye utepe mwekundu ikae chumbani kwa mkuu wa idara, naye peke yake awe na ufunguo, kwa hiyo chura wa Mkurugenzi yuko kwake. Mhariri huondoka mapema, kabla watu hawajaanza kuvaa makoti, anafunga mlango na kushuka kwa ngazi. Saa ya kufunga ikifika chura hulitamka jina la mtoto, lote, kwa kithembe, ofisini mlimo na meza, kiti na kabati.