Daftari la Waliovaa Lulu

Kaa la moto lilipasuka ndani ya chetezo, ta, na Riziki akageuka gizani kumtazama mtoto. Saada hakuamka. Alivuta shuka mpaka puani akaendelea na usingizi wake, miguu juu ya tumbo la baba yake, kana kwamba kitanda kile kimeandikwa jina lake peke yake.

Riziki alitupia kipande kingine cha udi. Alipitisha sare yake nyeusi juu ya moshi, kisha akajifunika khanga na kuinamia chetezo, akajifukiza shingo na nywele. Taa hakuwasha. Chumba chao cha Najma, hapa Doha, kilikuwa nusu chumba. Nusu ya pili ilikuwa ya watu wengine nyuma ya ubao, na wao wakikohoa huko, huku mnasema pole.

“Leo unaolewa na nani, Mama Saada?” Salum aliuliza, macho kayafumba.

“Na Wazungu waliokufa zamani. Lala.”

Alitania, lakini roho ilikuwa mkononi. Leo Jumanne, na viza ya matembezi ya Saada ingekwisha Alhamisi. Tiketi ya kumrudisha Tanga kwa bibi yake ilishakatwa. Salum alikuwa dereva wa familia moja kule Al Rayyan, na cheo chake hakikumpa haki ya kukaa na mtoto. Riziki naye alikuwa mfagizi na mpika chai katika duka la Orvane, Al Sadd. Haki hiyo angeipata akiwa mwongoza wageni wa maonyesho. Barua ya cheo hicho ilikuwa mezani kwa meneja, Bwana Maurice, ikisubiri sahihi ya mchana.

Kampuni ya Orvane ilikuwa inatimiza miaka mia na hamsini ya kuuza saa na vito, na kesho yake ingefungua maonyesho ya historia yake. Mwongozaji aliyeajiriwa aliacha kazi ghafla. Ndipo Kendi, msimamizi wa duka, dada wa Kimeru asiye na simile, akamwambia meneja kwamba anayeijua historia ile kwa ghibu ni mama wa chai. Ilikuwa kweli. Riziki alikisoma kijitabu chake kwenye darasa la jioni la Kiingereza, akakirudia akiosha vikombe, mpaka akawajua kina Orvane kama majirani. Alijua jinsi Augustin alivyotengeneza saa mbovu nyuma ya kituo cha treni, na dada yake Clémence akiuza vifungo vya mashati mlango huohuo. Alijua mwaka walioanza saa za mkono, watu wakawacheka kwamba saa ya mkononi ni bangili ya kike. Na alikijua kidani cha lulu za Ghuba hii hii, ambacho Clémence alikitunga kwa mikono yake mwaka 1911, fundo kila baada ya lulu, kwa uzi wa hariri ambao, kijitabu kilisema, haujawahi kubadilishwa.

Lulu zina tabia yake. Ukizifungia sandukuni zinakauka na kufifia. Zinataka ngozi ya mtu. Kwa hiyo tangu enzi za Clémence, kila mwezi mwanamke mmoja wa kampuni huzivaa kwa saa nzima, akakaa kimya. Safari hii kidani kilikuwa Doha kwa maonyesho, na zamu ilikuwa ya Riziki. Alipewa karatasi ya masharti: usipake manukato, usipake mafuta, usipake krimu wala poda. Aliyafuata yote. Hata sabuni aliiacha, akaoga maji matupu. Lakini moshi haukutajwa, na kwao Riziki mwanamke haendi kuvaa kitu cha heshima cha mwenyewe akiwa ananuka mvuke wa jikoni. Udi haukuwa urembo. Ulikuwa adabu.

Kendi alimvalisha kidani katika chumba cha nyuma. Lulu zilikuwa baridi mwanzoni, kisha zikapata joto lake, na kwa saa nzima Riziki aliwaza Saada akiandikishwa shule hapa Doha.

Valerie, mtunza kumbukumbu aliyetumwa kutoka makao makuu ng’ambo, aliingia kuzivua. Alikuwa mama mtu mzima, miwani imening’inia kifuani. Alikiinua kidani, akasimama. Akakisogeza puani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu kwenye lulu na kimeingia kwenye uzi, na lazima ajue ni nini. Kila uchafu una namna yake ya kusafishwa. Akifuta vibaya, lulu zitaharibika moja kwa moja. Akaenda kuleta taa na vitambaa vyake.

Kendi alifunga mlango.

“Mama Saada, umetuchoma. Umejipaka nini?”

Riziki alipomweleza, Kendi alikaa juu ya meza. Halafu akili yake ikaanza kukimbia. Jana jioni walikuja wale mabibi kutazama vitu kabla ya maonyesho, si ndiyo? Wote walinukia mafuta ya gharama. Nani atakwenda kuwauliza?

“Sema mmoja alikijaribu. Hii town yote inanuka udi, nani atajua? Wewe fikiria mtoto wako tu.”

Riziki alimfikiria. Alimwona Saada uwanjani, kashikwa mkono na mtu wa ndege asiyejua kwamba mtoto huyu halali bila kushika sikio la mtu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hapa palikuwa na kamba. Ulimi ulikwisha kulishika neno.

Lakini jana aliyelinda sanduku ni mlinzi Githinji, na Githinji alitia sahihi kwamba hakuna mkono uliogusa kidani. Na huyu mama wa miwani, akiambiwa mafuta, atafutia dawa ya mafuta.

“Na Githinji je, dada Kendi?”

Kendi alishuka mezani. Huyo hakuwa amemfikiria.

Valerie aliporudi, Riziki alisimama. Kiingereza chote cha darasa la jioni kilimkimbia, yakabaki maneno ya kuokoteza. “Ni moshi. Wa mti. Nimefanya mimi, asubuhi, nyumbani.”

Valerie alichukua vitambaa vyake. Alifanya kazi kwanza, lulu moja baada ya moja, kwa kitambaa kikavu na kisha chenye unyevu kidogo, kama anamfuta mtoto mchanga uso. Riziki alilia bila sauti. Lulu zilirudisha mng’aro wake. Uzi haukurudi, ulikuwa umeingia rangi ya chai.

Ndipo Valerie akatoa daftari kuukuu la ngozi. Humo mlikuwa na majina ya wanawake wote waliovaa kidani kile, na makosa yao. Alimsomea machache. Berthe alilala nacho, kifungo kikapinda. Odile alitoka kukaanga vitunguu, uzi ukabadilishwa. Mwingine alijipaka krimu ya mikono, uzi ukabadilishwa.

“Kwa hiyo huu si uzi wa Clémence?” Riziki aliuliza.

“Ni wa nne,” Valerie alisema. “Aliyenyamaza alikuwa mmoja tu. Kwa ajili yake tulipoteza lulu saba.”

Akamgeuzia daftari, akampa kalamu. Riziki aliandika jina lake na kosa lake. Valerie akaenda kwa meneja. Ukutani zilisikika sauti mbili, ya kiume ikipanda, ya kike ikibaki palepale.

Sahihi ya mchana haikutiwa. Bwana Maurice alitoka akamwambia bila kumtazama kwamba maonyesho yatafunguliwa na mtu mwingine. Yeye atawekwa majaribio ya miezi mitatu chini ya Valerie, akishika vizuri ndipo cheo. Kuhusu mtoto, kampuni itaandika barua ya kuomba aongezewe matembezi kwa mwezi mmoja. Kukubaliwa ni juu ya serikali.

Salum alikimbiza barua ile kabla ofisi za uhamiaji hazijafungwa. Riziki alishinda akisugua vikombe visivyo na doa, simu mfukoni, na kila ilipotikisika moyo ulikwenda nayo. Jibu lilifika karibu na magharibi. Mwezi mmoja. Baada ya hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Alipofika Najma alikuta begi la safari limesimama mlangoni, Salum alikwisha kulifunga tangu asubuhi. Alilivuta katikati ya chumba, akapiga magoti, akafungua zipu. Saada alikuja akachuchumaa kando yake, akaingiza mkono chini ya nguo mpaka kwenye kiwiko.

“Gauni langu la njano liko chini kabisa.”