Kidole cha Jagdeo

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, Jagdeo Sahay, karani wa mahakama ya wilaya, alivaa koti jeupe la mwamuzi, akatia kokoto sita mfuko wa kushoto, akaenda kumwamulia kriketi mkubwa wake wa kazi. Kokoto zilikuwa za kuhesabia mipira. Kila mpira uliporushwa, moja ilihamia mfuko wa kulia. Aliziokota palepale uwanjani, ambapo zamani kijiji chake kilipuria mpunga.

Mkuu wa wilaya, Bwana Hathersage, aliwahi kucheza kriketi ya daraja la kwanza kwao Uingereza, misimu miwili tu, na wilaya nzima, huko Bihar, India, ikataabishwa kwa jambo hilo. Mwaka aliofika aliwanyang'anya wanakijiji uwanja kwa barua yenye muhuri: wangerudishiwa siku atakapotolewa mchezoni. Mwaka wa nne huu, hajatolewa. Mwamuzi alikuwa karani wake, warushaji walikuwa askari wake. Mchezaji hodari alikuwa kweli, baradhuli yule, lakini si hodari wa miaka minne.

Jumamosi moja ya Novemba mpira ulimgonga mguuni, akiwa ameviziba waziwazi vijiti vitatu anavyovilinda, na kwa sheria ya mchezo hilo humtoa mchezaji. Askari aliyerusha akasahau cheo chake, akapiga kelele kudai atolewe. Jagdeo alitaka kutikisa kichwa kama kawaida. Kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kikanyanyuka chenyewe, kikavuta mkono juu na kusimama wima. Maana yake mchezaji ametoka.

"Shusha hicho," alisema Bwana Hathersage.

"Najaribu, Bwana Mkubwa. Hakishuki."

"Basi kibaki hapohapo. Mpira unaofuata!"

Kikabaki. Mke wa Jagdeo alimpasulia mumewe kanzu begani ili mkono upite, naye akajifunza kuandika kwa kushoto. Bwana Hathersage naye hakuondoka tena penye vijiti, maana akienda hata kunywa chai watu wangesema ametoka. Alilala wima, akasikiliza kesi palepale, gongo la kriketi mkononi. Mvua zilipopita, vijiti vilichipua majani, na mtunza uwanja akawa anayapogoa kila Ijumaa.

Wanakijiji walipura mpunga barabarani, na nusu yake ikasagwa na magurudumu ya mikokoteni. Likatoka agizo kwamba kupura barabarani ni kosa. Wa kwanza kukamatwa alikuwa Ramdhani, kaka yake Jagdeo, tumbo moja.

"Kaka, kiri tu," Jagdeo alimnong'oneza alipoletwa uwanjani kuhukumiwa. "Utapata siku chache."

"Usiniite kaka. Katika nyumba ya baba yetu, mwanamume aliyebaki ni hicho kidole."

Akapewa miezi sita, kazi ngumu. Aliyeisoma hukumu ni Jagdeo, kwa sauti ya ofisini, na aliona haya.

Ramdhani, akiwa amefungwa kamba mikononi, akainua kidole. Mkewe akainua chake. Kisha kijiji kizima, kilichokuwa kimepanga mstari ukingoni mwa uwanja, kikainua, pamoja na vichanga viunoni mwa mama zao. Bibi Lakhpatiya alikuwa amekatwa kidole hicho na mundu utotoni. Kikaota siku hiyo, naye akakiinua kama wenzake.

Bwana Hathersage akatazama huku na huku.

"Hao wanataka nini?"

Ramdhani alimkazia macho ndugu yake, wala hakupepesa. Neno lilikuwa moja tu, "ametoka", na uwanja ungerudi. Jagdeo akafikiria nyumba ya serikali aliyopewa, na miaka miwili iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Wanakusalimu, Bwana Mkubwa."

"Adabu nzuri. Mpelekeni huyo. Mpira unaofuata!"

Askari wakamwondoa Ramdhani, kidole chake kikionekana juu ya vichwa vyao hadi barabarani. Mpira ukarushwa. Jagdeo, kidole chake cha kulia kikiwa kimesimama vilevile, akapeleka mkono wa kushoto mfukoni, akatoa kokoto moja, akaivusha mbele ya tumbo na kuitia mfuko wa kulia.